Soko la malori ya huduma linakua duniani: mbona lori la kikapu bado linasubiriwa?

Ukipiga simu kuripoti kwamba umeme umekatika mtaani, jibu moja limezoeleka kuanzia Mombasa hadi Mwanza: "Mafundi wapo, tunasubiri gari." Jioni hiyohiyo unafungua simu na kukuta habari kwamba soko la malori ya huduma duniani linakua kwa mabilioni ya dola. Msomaji ana haki ya kuuliza: kama malori haya yananunuliwa kwa wingi namna hiyo, la kwetu liko wapi? Majibu ya vijiweni ni mengi. Kuna wanaosema viwanda vinaficha magari ili bei ipande. Kuna wanaoamini dunia imeshahamia kwenye malori ya betri na ya dizeli hayatengenezwi tena. Na wengi wanahitimisha kwamba ni suala la pesa tu, ukiwa nazo unapata lori kesho. Mambo hayako hivyo, na kuyaelewa kunatusaidia kuuliza maswali ya maana pale kodi zetu zinapotumika kununua magari haya.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia gari gani. Lori la huduma ni lori la kawaida lililofungwa mtambo wa kazi mgongoni, ili watu wa umeme, maji, simu, gesi au majitaka wafanye kazi yao palipo na tatizo. Linalojulikana zaidi ni lori la kikapu: lina mkono mrefu unaoinuka, na fundi husimama ndani ya kikapu kilicho mwishoni mwa mkono huo. Lipo la kuchimbia mashimo na kusimamisha nguzo. Lipo lenye kreni nyuma ya kebini, ambalo mafundi wengi hapa kwetu huliita Hiab hata kama kreni yenyewe imetoka kampuni nyingine kabisa. Lipo boza la kunyonya majitaka. Na yapo malori madogo yenye makabati ya vifaa ubavuni, yanayobeba fundi, ngazi, nyaya na spana zake.

Hapa ndipo takwimu za soko zinapoanza kupishana. Kampuni moja ya utafiti inahesabu malori ya kikapu na ya nguzo peke yake. Nyingine inaongeza maboza na magari ya taka. Ya tatu inaingiza kila pikapu yenye kabati la vifaa. Zote zinaandika kichwa cha habari kilekile, na namba zinatofautiana kwa mbali mno bila yeyote kati yao kusema uongo. Kwa hiyo ukikutana na takwimu ya "soko la malori ya huduma", tafuta kwanza mahali walipoeleza ni magari gani yamehesabiwa. Kama hawakueleza, usiitegemee namba hiyo.

Jambo la pili kuhusu namba: kukua kwa soko kwa dola si lazima kumaanishe malori yameongezeka. Chukua mfano wa kubuni. Mwaka wa kwanza yanauzwa malori 100, kila moja kwa dola 100,000. Mwaka unaofuata yanauzwa 98, kila moja kwa dola 108,000. Ripoti itasema soko limekua kwa karibu asilimia 6, na itakuwa sahihi, ingawa barabarani yameingia malori machache kuliko mwaka uliotangulia. Sehemu ya ukuaji tunaosikia miaka hii ni ya namna hiyo.

Lori moja, viwanda viwili

Kosa kubwa zaidi la uelewa ni kudhani kwamba lori la kikapu hutoka kiwandani likiwa kamili, kama Toyota ya kutembelea. Ukweli ni kwamba linafanana zaidi na nguo ya harusi ya kushonesha. Kitambaa unakinunua duka moja, halafu unakipeleka kwa fundi cherehani mwenye foleni yake. Kitambaa kikichelewa, fundi anakaa bure. Fundi akiwa na kazi nyingi, kitambaa kinalala rafuni. Na katika hali zote mbili, wewe mwenye harusi ndiye unayeumia.

Kitambaa hapa ni chesisi: kebini, injini, giaboksi, fremu na magurudumu, bila bodi. Marekani, chesisi hizo hutoka kwa Ford, Freightliner, International au Kenworth. Kwetu, kinachoonekana zaidi ni Isuzu, Fuso, Hino na siku hizi za Kichina. Fundi cherehani ni kampuni inayotengeneza mkono na mtambo na kuufunga juu ya chesisi. Hawa ni wachache. Marekani wanatajwa zaidi Altec ya Birmingham, Alabama, iliyoanza mwaka 1929. Kitengo cha Terex kilichopo Watertown, South Dakota. Na Versalift ya Waco, Texas. Japani wapo Aichi na Tadano, na Tadano ndiyo iliyounda kreni ya kwanza ya haidroliki, yaani inayoendeshwa kwa msukumo wa oili, ya kufungwa kwenye lori nchini humo, mwaka 1955. China wapo XCMG wa Xuzhou, wanaozidi kuingia Afrika kwa kasi.

Uchache huo ndio unaoeleza kilichotokea mwaka 2021 na 2022. Baada ya janga la UVIKO-19, chipu za kielektroniki ziliadimika, na viwanda vya magari vikawa na malori yaliyokamilika kila kitu isipokuwa kifaa kimoja kidogo. Watengenezaji wa mikono walikuwa na mitambo tayari, lakini hawakuwa na chesisi za kuifungia. Ilipofika zamu ya chesisi kupatikana, zikaja kwa mkupuo, na foleni ikahamia kwa wafungaji, ambao nao walikuwa wameishiwa mafundi wa kuchomelea, wa umeme wa magari na wa haidroliki. Hakuna aliyekuwa ameficha magari. Yalikuwa nusu huku, nusu kule.

Foleni hiyo ilikuza biashara nyingine: kukodisha. Mwaka 2021 kampuni ya Nesco ilinunua Custom Truck One Source kwa dola bilioni 1.475 na kuchukua jina lake. Wanachokodisha na kuuza ni malori ya aina hii hii. Mkandarasi aliyepata zabuni ya miezi 18 haoni haja ya kumiliki lori la nguzo kwa miaka 15.

Kinachosukuma ukuaji ni waya

Hakuna shirika linalonunua lori la kikapu kwa kulipenda. Linanunuliwa kwa sababu kuna waya unaohitaji kufikiwa. Kwa hiyo ukitaka kujua soko hili linaelekea wapi, angalia kinachotokea kwenye nguzo.

Nchini Marekani sehemu kubwa ya gridi, yaani mtandao wa umeme, imezeeka. Mwaka 2018 waya za kampuni ya umeme ya PG&E zilisababisha moto ulioteketeza mji wa Paradise, California, na kuua watu 85. Mwaka 2021 kampuni hiyo ikatangaza mpango wa kuzika ardhini maili 10,000 za laini zake, sawa na kilomita 16,000 hivi. Mwaka huohuo bunge lao likapitisha sheria ya miundombinu iliyotenga, pamoja na mengine, dola bilioni 65 kwa ajili ya intaneti ya kasi. Kila kilomita ya kebo ya intaneti ni kazi ya malori haya haya. Ongeza vituo vikubwa vya data vinavyokula umeme, na vimbunga. Julai 2024 kimbunga Beryl kiliwaacha gizani wateja zaidi ya milioni 2 katika eneo la Houston. Siku kama hizo, malori ya kikapu husafiri kwa misururu kutoka majimbo ya mbali kwenda kusaidia, na kila shirika hujifunza kwamba lazima liwe na magari ya ziada yanayokaa uani siku za kawaida.

Pwani yetu nayo imeshaonja. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Tanzania.

Mkono unavyofanya kazi, na imani moja ya hatari

Nataka kukaa kidogo hapa, maana hapa ndipo uelewa mdogo unapoua watu.

Lori likifika kwenye nguzo, dereva huvuta breki ya mkono, huweka vizuizi magurudumuni na koni barabarani. Kisha huingiza kifaa ambacho mafundi hukiita PTO. Kazi yake ni kuchota nguvu kutoka kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye pampu ya haidroliki. Mlio wa injini unabadilika, unakuwa mzito. Jeki zinashuka ubavuni, na chini ya kila moja huwekwa kipande cha mbao au plastiki ngumu ili isizame. Hapo ndipo mkono unaponyanyuka. Ndiyo maana injini huunguruma saa nzima wakati lori limesimama palepale: dizeli inayoungua inasukuma oili.

Mkono wa lori la kazi za umeme una kipande cha faibaglasi kisichopitisha umeme. Watu wengi, wakiwemo vibarua wanaofanya kazi chini ya lori hilo, huamini kwamba aliye ndani ya kikapu hawezi kupigwa na umeme kabisa. Si kweli. Faibaglasi ile inaziba njia moja tu: ile inayotoka kwenye kikapu, kupitia mkono na chesisi, hadi ardhini. Fundi akishika waya mmoja huku bega lake likigusa waya mwingine, umeme utapita mwilini mwake, na mkono wa lori hautamsaidia kitu. Akishika waya huku akigusa nguzo ya chuma au waya wa ati (unaopeleka umeme ardhini), ni yaleyale. Glovu za mpira, mikono ya mpira ya kuvaa na vifuniko vya waya si mapambo.

Aliye chini naye ana hatari yake. Sehemu ya chuma ya mkono ikigusa laini yenye umeme, bodi ya lori inaweza kuwa na umeme pia. Mtu aliyesimama ardhini akaushika mlango wa lori anakuwa njia ya umeme huo kwenda chini. Kwa hiyo wakati mkono uko juu karibu na laini, usiegemee lori, usilishike, usipitishe watoto karibu ili waone.

Tena faibaglasi haidumu milele. Vumbi, chumvi ya bahari, unyevu na mikwaruzo hupunguza uwezo wake wa kuzuia umeme, na macho hayaoni. Kinachoonyesha ni kipimo: mkono hupewa umeme wa volti kubwa na kupimwa ni kiasi gani kinavuja. Katika nchi zilizo makini hufanywa kila mwaka. Lori ambalo halijapimwa lichukuliwe kama mkono wake ni wa chuma.

Vikwazo: kanuni, ushuru na betri

Desemba 2022 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilipitisha kanuni ya injini za malori kuanzia modeli za 2027, inayotaka oksidi za naitrojeni, gesi chafu za moshi wa injini, zipungue kwa zaidi ya asilimia 80. Hewa safi ni jambo jema, hasa kwa gari linalounguruma saa nzima chini ya madirisha ya watu. Ila wanunuzi wana kumbukumbu. Kabla ya kanuni za mwaka 2007 walinunua malori kwa pupa mwaka 2006, kisha soko likaporomoka. Tabia hiyo huwachanganya wasomaji wa takwimu: mwaka wa pupa huonekana kama ukuaji, kumbe ni mahitaji ya mwaka ujao yaliyovutwa mbele.

Ushuru nao umeingia. Juni 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa chuma na aluminiamu kutoka nje hadi asilimia 50, na kuanzia Novemba 1, 2025 malori ya kati na mazito kutoka nje yakawekewa asilimia 25. Makabati, jeki na fremu vyote ni chuma au aluminiamu, kwa hiyo bei hupanda hata kwa lori linalofungwa nchini humohumo.

Vipi kuhusu betri? Kwa mtazamo wa haraka, lori la huduma lingefaa kabisa kutumia umeme: halisafiri mbali, hurudi uani kila jioni, na hupoteza dizeli nyingi likiwa limesimama. Tatizo la kwanza ni uzito. Chukua lori la daraja la Ford F-550, ambalo uzito wake wote unaoruhusiwa, pamoja na mzigo, ni karibu tani 8.8. Ukishafunga mkono, jeki, makabati na vifaa, nafasi iliyobaki ni ndogo, na betri ni nzito. Ukipanda daraja ili kubeba uzito huo, Marekani ukivuka pauni 26,000, kama tani 11.8, dereva anahitaji leseni ya biashara, na madereva hao ni haba. Tatizo la pili halihitaji hesabu: lori hili huhitajika zaidi siku ambayo umeme umekatika kila mahali, na siku hiyo hakuna pa kulichaji.

Biashara yenyewe haijatulia. Lion Electric ya Quebec, iliyokuwa ikitengeneza mabasi na malori ya umeme, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai Desemba 2024. Njia ya kati ndiyo ninayoiona ina akili kwa sasa: lori linabaki la dizeli kwa safari, lakini mkono unaendeshwa na betri ndogo, injini ikiwa imezimwa. Fundi aliye juu na mwenzake aliye chini wanasikizana bila kupiga kelele, na hilo peke yake ni usalama.

Lori lililotumika kutoka Japani, soma bamba lake

Afrika Mashariki hatununui kama Marekani. Kazi nyingi za nguzo bado hufanywa kwa ngazi, mkanda na viatu vya vyuma vya kupandia. Sababu moja ni gharama, nyingine ni barabara. Jeki za lori la kikapu zinahitaji upana, na vichochoro vya Manzese au Kibera havina. Hivyo si kila mahali pasipo na lori la kikapu pana uzembe.

Njia ya kawaida ya kupata lori la bei nafuu ni kununua lililotumika Japani. Usukani uko kulia kama kwetu, na magari yanatunzwa. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na kanuni hiyo inasaidia kwa injini na bodi. Haielezi chochote kuhusu hali ya mkono. Wajapani hulazimika kukagua magari ya kikapu kila mwaka kwa mujibu wa sheria zao za usalama kazini, kwa hiyo mnunuzi aombe karatasi za ukaguzi huo pamoja na za gari. Muuzaji akisema zimepotea, bei iwe na nafasi ya kupima upya.

Halafu kuna jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Laini za kusambaza umeme mitaani Japani kwa kawaida ni za volti 6,600. Zetu, Kenya na Tanzania, ni za volti 11,000 na 33,000. Mkono uliotengenezwa kwa kazi za Japani unaweza kuwa mzima kabisa, umepimwa, una karatasi zote, na bado haufai kukaribia laini ya volti 33,000 yenye umeme. Uwezo wake umeandikwa kwenye bamba dogo la chuma karibu na mkono, mara nyingi kwa Kijapani. Kama bamba limepakwa rangi au limeng'olewa, lori hilo ni la kufunga taa za barabarani na kukata matawi ya miti, mbali na waya, si zaidi.

Kinachofuata ni vipuri. Sili za silinda, mipira ya haidroliki, vali za kuongozea mkono: vifaa vidogo hivi ndivyo vinavyolaza lori uani miezi mingi huku injini ikiwaka kwa mguso mmoja. Ningependelea wilaya inunue malori mawili yenye bajeti ya vipuri, upimaji na mafunzo kwa miaka mitano kuliko manne yaliyokabidhiwa kwa utepe na picha.

Suala hili linakuja mezani upesi. Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kwa ajili ya Misheni 300, mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Katika miradi ya umeme vijijini, wakandarasi ndio huja na malori ya kuchimba na kusimamisha nguzo. Kazi ikikamilika wanaondoka nayo. Laini inabaki kwa shirika la umeme la nchi, ambalo linahitaji magari ya aina nyingine: mepesi, ya kikapu, yanayopita barabara za udongo masika, na yaliyo karibu na laini yenyewe. Kwenye makadirio ya mradi, mstari wa kutafuta ni huo wa magari ya matengenezo baada ya makabidhiano, ukiwa na idadi yake kwa kila wilaya na jina la karakana itakayopima mikono hiyo kila mwaka.